Kuchagua ndoano, mshipi na boya kwa samaki wadogo wa maji baridi

Mshike samaki wa ukubwa wa kiganja, umfungue mdomo taratibu kwa ncha ya kidole. Utaona jinsi nafasi iliyomo ilivyo ndogo. Perege wa sentimita 15 hawezi kuiingiza mdomoni ndoano ya kambare hata akitaka. Atakachofanya ni kukidonoa chambo pembeni, kukichana na kukimaliza, huku boya likitikisika tu juu ya maji. Mvuvi akiona hivyo hulaumu samaki, maji au mbalamwezi, na kumbe shida iko kwenye vifaa: kila kitu ni kikubwa kupita kiasi.

Ndiyo maana katika mwongozo huu tunaanzia mdomoni mwa samaki na kurudi nyuma hadi mkononi mwako. Ndoano kwanza, kisha mshipi, kisha machubwi (vile vizito vidogo vya kwenye mshipi) na boya, fimbo mwisho. Watu wengi huenda kinyume. Hununua fimbo, fimbo ikadai mshipi mnene, mshipi mnene ukadai boya kubwa, na ndoano ikawa ile iliyobaki kwenye kopo. Katika uvuvi huu fimbo ndicho kifaa unachoweza kukiwazia mwisho bila kupoteza samaki. Ndoano haikupi nafasi hiyo.

Hatua ya 1: Jua samaki wako anakulaje

Perege hafuati chambo akakiuma. Hufyonza. Husogea hadi karibu kabisa, hufungua mdomo ghafla, na maji yanayoingia kwa kasi hubeba chambo ndani. Akihisi kitu kigumu au kitu kinachomvuta, hukitema kwa njia ileile, kwa kusukuma maji nje. Mambo hayo yote huisha mara moja, wakati mwingine kabla boya halijaonyesha chochote. Bluegill wa Marekani hula vivyo hivyo, na mdomo wake ni mdogo kama wa perege au zaidi.

Ukilielewa hilo, mengi yanayofuata utayaelewa bila kuambiwa. Chambo pamoja na ndoano yake lazima viwe vyepesi kiasi cha kubebwa na yale maji. Ndoano ya waya mnene hubaki nyuma wakati kipande cha nyungunyungu kinaingia, na samaki anaishia kuonja chambo nusu.

Wengine wana tabia tofauti. Crappie, samaki mwingine wa Marekani, ana mdomo mpana, lakini ngozi ya pembeni ni nyembamba sana na huchanika ukivuta kwa pupa. Macho yake yako juu kichwani, naye hupenda kupanda kufuata kilicho juu yake kuliko kuinama. Perch wa Ulaya na Amerika, ambaye si sangara, naye ana mdomo mpana, ila hana subira: hukimeza chambo upesi, na ukichelewa ndoano utaikuta kooni.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jiulize: samaki wa maji ninayokwenda ana mdomo wa upana gani, na je, huonja kwanza au humeza mara moja? Kama hujui, mwombe mvuvi unayemkuta pale akuonyeshe samaki aliyempata. Kumtazama samaki mmoja mdomoni kutakufaa kuliko kusoma maandishi ya pakiti kumi za ndoano.

Hatua ya 2: Ndoano

Namba za ndoano huenda kinyume na ukubwa. Namba 16 ni ndogo kuliko 10, na 10 ni ndogo kuliko 6. Ukifika namba 1 hesabu inageuka: zinafuata 1/0, 2/0, 3/0, na hapo ndoano huzidi kuwa kubwa. Viwanda havifuati kipimo kimoja, hivyo namba 10 ya kiwanda hiki inaweza kulingana na namba 8 ya kile. Ichukue namba kama dokezo, kisha tazama ndoano yenyewe.

Kinachopimwa hasa ni uwazi wa ndoano, yaani nafasi kati ya shina na ncha. Uwazi huo uwe mdogo kuliko mdomo wa samaki kwa kiasi kizuri. Mimi hutaka ndoano isizidi nusu ya upana wa mdomo uliofunguka. Kwa perege na bluegill wa kiganja, anza na namba 10. Wakiwa wakubwa wa kujaza sahani, nenda namba 8. Ukitumia mafunza au kipande kidogo sana cha chambo, shuka hadi 12 au 14. Kwa perch chukua 8 hadi 6. Kwa crappie, hasa ukitumia dagaa hai au kisamaki kingine kidogo, 6 hadi 4 zinafaa, kwa kuwa mdomo wake unaruhusu. Mtu akiniuliza abebe ndoano za ukubwa gani kama ni mmoja tu, namwambia namba 10.

Baada ya ukubwa, tazama unene wa waya. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema kabisa, wakidhani waya mnene ni imara hivyo ni bora. Kwa samaki wa gramu 200 huhitaji uimara huo. Waya mwembamba una faida tatu kubwa: ni mwepesi, hivyo unaingia mdomoni pamoja na chambo, hutoboa kwa nguvu ndogo, hivyo hulazimiki kukurupuka na fimbo, na haukiui chambo hai upesi. Tena ukinasa kwenye gogo, vuta polepole bila kuachia: ndoano itanyooka na kutoka, nawe utaipinda tena kwa koleo. Ukishaipinda mara mbili hivi, itupe, maana chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa huchoka na siku moja kitakatika mdomoni mwa samaki mzuri. Umbo linaloitwa Aberdeen, lenye waya mwembamba na shina refu, limetengenezwa kwa kazi hii hasa.

Shina refu lina sababu yake. Samaki wadogo humeza, na ukilishika shina kwa vidole au koleo unaitoa ndoano kwa kuisukuma nyuma bila kumchana samaki. Shina fupi hufichika vizuri ndani ya punje ya mahindi au donge la unga, lakini likishaingia ndani ya mdomo wenye upana wa kidole ni taabu kulitoa. Mimi hupendelea shina refu kwa nyungunyungu na wadudu, na fupi kwa unga na nafaka. Zipo pia ndoano zenye vijino viwili vitatu mgongoni mwa shina ili nyungunyungu asiteleze kushuka. Zinafanya kazi, ingawa nyingi hutengenezwa kwa waya mnene, kwa hiyo kagua kabla ya kulipa.

Ndoano za duara, ambazo ncha yake imeinama kuelekea shina, husifiwa kwa kunasa pembeni mwa mdomo badala ya kooni, na sifa hiyo ni ya haki. Ila kwa samaki mwenye mdomo mdogo, ule uwazi mwembamba ukishajazwa chambo haubaki na nafasi ya kunasa kitu. Ziache kwa samaki wakubwa. Ndoano zenye ncha tatu usizitumie kabisa kwa kazi hii. Hazina faida, na humjeruhi samaki ambaye pengine ungemrudisha majini.

Ukali wa ncha upime kwa ukucha. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza, kisha uiburute polepole. Ndoano kali inakwama papo hapo na kuacha alama nyeupe. Ikiteleza, ni butu, hata kama imetoka kwenye pakiti asubuhi hiyo. Rudia kipimo hiki kila unapogonga jiwe au kunasa kwenye mti.

Kijino, yaani ule mwiba ulio nyuma ya ncha, kikandamize kwa koleo hadi kilale. Mshipi ukikaa umekazwa, samaki hachomoki ovyo, na kumtoa kwenye ndoano kunachukua kitambo kidogo tu. Ndoano isiyo na kijino hutoka pia kirahisi kwenye kidole chako mwenyewe au kwenye sikio la mtoto aliyekaa karibu nawe, na kwa anayevua na watoto hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Rangi ya ndoano, iwe ya dhahabu, shaba au nyeusi, haijawahi kunisumbua.

Hatua ya 3: Chambo kikae sawa na ndoano

Nyungunyungu mzima anayening'inia huku na huku ni karamu ya kudonolewa. Mkate kipande cha sentimita mbili au tatu, mpitishe kwenye ndoano kama soksi hadi afunike pindo, uache mkia mfupi wa kuchezacheza. Funza mtoboe juu kidogo kwenye ule upande butu, kwenye ngozi tu, ili aendelee kuhangaika. Panzi na nyenje wachome nyuma ya kichwa, ncha itokeze. Donge la unga lisizidi ukubwa wa punje ya njegere, na liwe laini kiasi kwamba ncha inalipasua ukivuta.

Katika yote hayo, ncha ya ndoano ibaki wazi au ifunikwe na kitu laini tu. Uwazi uliojaa chambo haunasi kitu.

Hatua ya 4: Mshipi

Kwa samaki hawa, nailoni ya uzi mmoja inayohimili kilo 1.5 hadi 2 inatosha, unene wake ukiwa kati ya milimita 0.16 na 0.20. Mahali penye magugu na mizizi mingi panda kidogo, hadi kilo 2.7. Zaidi ya hapo mshipi unaanza kukupinga. Mshipi mnene hukaa na mikunjo ya kule ulikozungushiwa, upepo huusukuma na boya likafuata, na chambo kinaning'inia kikiwa kimekakamaa badala ya kuelea kama kilichodondoka chenyewe.

Kipande cha mwisho, sentimita 30 hadi 40 za kuelekea ndoano, kiwe chembamba zaidi kuliko mshipi mkuu. Ukinasa chini, kitakatika hicho, boya na machubwi yatabaki yako. Wapo wanaotumia florokaboni, aina nyingine ya mshipi wa plastiki, kwa kipande hiki kwa sababu haionekani sana majini: inapindisha mwanga karibu sawa na maji yenyewe kuliko nailoni inavyofanya. Kwenye maji meupe yenye samaki waoga inafaa. Lakini usiitumie kwa mshipi mzima wa boya. Florokaboni ni nzito, gramu 1.78 kwa kila sentimita ya ujazo dhidi ya 1.14 ya nailoni, hivyo huzama upesi kati ya fimbo na boya, na ukiinua fimbo unaanza kwa kuinua mshipi badala ya kumnasa samaki. Uzi wa kusuka nao unaelea vizuri, ila karibu haurefuki ukivutwa, na mdomo laini kama wa crappie unauchana.

Fundo moja linatosha kwa kazi zote za hapa. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoano, izungushe kwenye mshipi mkuu mara tano au sita, irudishe kwenye kile kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa ulichokifanya sasa hivi. Kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate au maji. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale kwenye fundo, mahali ambapo ulihitaji nguvu zaidi. Kaza polepole hadi mizunguko ilale safu moja, kata mkia ukiacha milimita mbili, halafu vuta kwa mkono kujaribu. Mizunguko ikipandiana, kata ufunge upya. Inakera, lakini samaki aliyeondoka na ndoano anakera zaidi, tena naye anabaki nayo mdomoni.

Jua huila nailoni. Mshipi uliokaa juani msimu mzima ubadilishe, hata kama kwa macho bado mzuri.

Hatua ya 5: Boya na machubwi

Naomba usome sehemu hii polepole, kwa sababu hapa ndipo samaki wengi hupotea bila mvuvi kujua kwamba walifika.

Chukua lile boya la mviringo la plastiki, jekundu na jeupe, linalouzwa kila mahali. Tuseme kipenyo chake ni milimita 25. Ujazo wake ni kama sentimita 8 za ujazo, kwa hiyo likielea nusu nje nusu ndani, sehemu iliyo nje ni sentimita 4. Ili lizame, samaki lazima alivute kwa nguvu ya ziada ya gramu 4. Sasa chukua boya jembamba ambalo machubwi yamelizamisha hadi ikabaki nje ncha ya unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 10. Ujazo wa ncha hiyo ni sentimita 0.03 tu. Samaki anahitaji kuvuta gramu 0.03 na boya linapotea. Tofauti ni zaidi ya mara mia.

Samaki wa kiganja anaweza kuvuta gramu 4 bila shida. Jambo ni kwamba anazihisi. Amefyonza kipande cha nyungunyungu, na nyungunyungu huyo anamvuta kuelekea juu, anamtema. Wewe unaona boya likiruka kidogo, unasema "wanachezea tu". Hawachezei. Wanakula na kukataa.

Kwa hiyo chagua boya jembamba, refu, lenye uwezo wa kubeba gramu 1 hivi kwa maji yaliyotulia karibu na ukingo, na 2 hadi 3 kukiwa na upepo au ukitupa mbali. Maji yanayotembea yanataka boya lenye tumbo upande wa juu, kwani jembamba huyumbishwa na mkondo na kuzamishwa hovyo. Si lazima ununue. Shina kavu la tete, kipande cha kizibo kilichotobolewa na kuchomekwa kijiti, au shina la unyoya mkubwa vyote hutengeneza boya zuri. Unyoya wa tausi umetumiwa na wavuvi kwa muda mrefu kwa sababu ni mwepesi, umenyooka na hauingii maji. Ncha ipake rangi ya chungwa kama unavua penye kivuli. Kwenye maji yanayong'aa kwa jua, ipake nyeusi. Wengi hushangaa, lakini juu ya mng'ao ule nyeusi ndiyo inayoonekana.

Machubwi ni vile vipande vidogo vizito vilivyopasuliwa katikati na kubanwa kwenye mshipi. Huuzwa kwa herufi na namba: AAA lina gramu 0.8, BB gramu 0.4, namba 6 gramu 0.1, namba 8 gramu 0.06. Nunua kopo lenye mchanganyiko wa madogo. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi mengi ya risasi mwaka 1987 kwa sababu bata maji wakubwa waliyameza na kufa kwa sumu, na leo yapo ya bati na ya tangsteni. Chukua hayo ukiyapata. Ukiwa na ya risasi, usiyabane kwa meno kamwe. Tumia koleo, na usikandamize kupita kiasi, maana chubwi likibana sana linaikata nailoni ndani kwa ndani.

Kulipima boya, jaza ndoo maji nyumbani. Funga boya kwenye kipande cha mshipi, ongeza machubwi moja moja, utazame. Boya la gramu 1 litahitaji takriban BB mbili na namba 6 mbili. Simama inapobaki ncha ya sentimita moja nje; chambo nacho kina uzito kidogo na kitaishusha. Ukimaliza, andika uzito huo kwenye shina la boya kwa kalamu ya wino usiofutika, nawe hutapima tena.

Kupanga machubwi kwenye mshipi ni suala la unataka chambo kishuke vipi. Samaki wakiwa katikati ya maji au juu, weka BB zote mbili chini tu ya boya, namba 6 moja katikati ya kina, na ya mwisho sentimita 20 kutoka kwenye ndoano. Chambo kitashuka taratibu na samaki atakikuta njiani. Wakiwa chini, na juu yao kuna visamaki vinavyodonoa kila kitu, kusanya BB sentimita 30 au 40 juu ya ndoano ili chambo kipite upesi. Namba 6 ya mwisho, ile iliyo karibu na ndoano, ndiyo inayokupa habari: samaki akisogeza chambo kidogo tu, inasogea nayo na boya linasema. Ukiona boya linazama kwa kuchelewa na samaki hayupo, isogeze chubwi hiyo hadi sentimita 10 kutoka kwenye ndoano. Lowesha mshipi kabla ya kulisogeza.

Hatua ya 6: Kina

Usikisie kina. Bana chubwi zito kwenye ndoano kwa muda, tupa unapotaka kuvua, utazame. Boya likizama kabisa, kina ni kirefu kuliko ulivyoweka, lisogeze juu. Likilala ubavu, umezidisha, lishushe. Ncha ikitokeza vile inavyotakiwa, umepata chini. Rudia hatua mbili kulia na mbili kushoto, nawe utajua kama kuna shimo au ngazi ya udongo, na samaki hupenda kukaa pale penye mabadiliko.

Kutoka hapo anza na chambo kikiwa sentimita 10 hadi 20 juu ya chini kwa perege na bluegill, kisha panda kidogo kidogo hadi uguswe. Kwa crappie fanya kinyume: anza juu ushuke, maana chambo kilicho chini yake mara nyingi hakitazami.

Boya la kufungwa mahali pamoja linafaa mradi kina hakizidi urefu wa fimbo. Kikizidi, hutaweza kutupa wala kumfikia samaki, kwa kuwa boya litagota kwenye ncha ya fimbo yeye akiwa bado majini. Hapo tumia boya linaloteleza: funga kipande cha uzi laini kwenye mshipi kiwe kizuizi, weka ushanga mdogo chini yake, kisha boya. Kizuizi kinapita kwenye pete za fimbo, nawe unakisogeza tu kubadili kina.

Hatua ya 7: Fimbo

Iwe nyepesi na ncha yake iwe laini. Fimbo ndefu isiyo na rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi), ya mita 3 hadi 5, ya mwanzi au ya kuchomoa, inakuwezesha kushusha chambo kimyakimya pembeni mwa matete na kuinua bila mshipi mlegevu. Kwa ukingoni hakuna kinachoishinda. Ukilazimika kutupa mbali, chukua fimbo ya rili ya mita 2 hivi, ya daraja jepesi kabisa. Ncha laini hulinda mshipi mwembamba usikatike na mdomo wa samaki usichanike.

Hatua ya 8: Soma boya, badili vifaa

Boya likizama moja kwa moja au likienda upande, inua ncha ya fimbo kwa kifundo cha mkono tu, kiasi cha shubiri moja au mbili. Ndoano kali ya waya mwembamba haihitaji zaidi. Boya likipanda ghafla au kulala ubavu, inua pia: samaki amekiokota chambo kutoka chini na kulibeba chubwi la mwisho. Wasiojua hili huendelea kungoja boya lizame, na samaki akatema.

Boya likitetemeka muda mrefu bila kuzama, badili kwa mpango huu. Kwanza punguza chambo. Kisha shuka namba moja ya ndoano, kutoka 10 hadi 12. Bado? Ongeza chubwi dogo kabisa, lisiloizamisha ncha yote, ili ishuke zaidi. Bado? Punguza unene wa kipande cha mwisho cha mshipi. Badili kitu kimoja kwa wakati, usije ukapata jibu usijue limetoka wapi. Samaki akinaswa na kuchomoka karibu na ukingo, tazama ncha ya ndoano kwanza, halafu tazama jinsi unavyovuta.

Ukikuta ndoano inaishia kooni mara kwa mara, unachelewa kuinua au ndoano ni ndogo mno kwa samaki hao. Panda ukubwa mmoja, kwa mfano kutoka 10 hadi 8. Aliyekwisha kumeza na unataka kumrudisha, usimchimbe. Kata mshipi karibu na mdomo umwachie. Uwezekano wake wa kuishi ni mkubwa kuliko ukiing'oa ndoano kooni. Lowesha mikono kabla ya kumshika, ule ute wa mwilini ndio kinga yake dhidi ya magonjwa.

Vipande vya nailoni ulivyokata viweke mfukoni hadi nyumbani, uvikatekate vipande vifupi kabla ya kuvitupa, kwani ndege hunaswa miguu na mabawa navyo. Ndoano zilizoguswa na maji zifute, uzianike kando na zile kavu. Moja yenye kutu ikilala pamoja na nyingine kwenye kopo lenye unyevu, itaziambukiza zote.